Mashindano ya Mabomu na Watu Wasioulizwa

Mwezi Aprili 1954, watu zaidi ya mia moja wa Visiwa vya Marshall, vilivyotawanyika katikati ya Bahari ya Pasifiki, walitia saini barua ya maombi kwa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Visiwa vyao vilikuwa chini ya udhamini, kama Tanganyika ilivyokuwa wakati huo. Sisi tulisimamiwa na Uingereza, wao na Marekani. Katika mkataba wa udhamini wa mwaka 1947, Marekani ilikuwa imeahidi kulinda afya ya wenyeji na kuwakinga wasipoteze ardhi na mali zao. Barua yenyewe ilikuwa ya adabu sana. Walieleza kwamba, baada ya bomu la Marekani kulipuliwa mwezi uliotangulia, watu wa visiwa vya Rongelap na Utirik wameungua ngozi, wamepatwa na kichefuchefu, nywele zinawanyonyoka na chembe za damu zao zimepungua. Walieleza pia kwamba kwao ardhi ni zaidi ya mahali pa kupanda chakula, kujenga nyumba na kuzika wafu, kwa kuwa ndiyo uhai wenyewe wa watu. Kisha wakaomba majaribio ya silaha za maangamizi yakomeshwe mara moja katika eneo lao, au kama haiwezekani, basi angalau tahadhari zote zichukuliwe na watu wafundishwe namna ya kujikinga.

Mwezi Julai mwaka huohuo Baraza lilikataa ombi la kwanza. Lilimhimiza msimamizi achukue tahadhari iwapo ataona majaribio zaidi ni ya lazima, na hapo shauri likafungwa. Miezi michache baadaye, Machi 1955, Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilohilo kudai kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika na kwamba siku moja lazima ijitawale. Historia ya safari yake tunaijua sote tangu shule ya msingi, lakini ya wale waliotangulia kugonga mlango uleule hatukufundishwa.

Nimefundisha historia ya Vita Baridi kwa muda mrefu, na kila mara vitabu hunipa simulizi ileile: Washington na Moscow wakishindana, bomu moja likijibiwa na jingine, takwimu zikipanda, mpaka mikataba inatiwa saini na mashindano yanapoa. Katika simulizi hiyo, majaribio ni ngazi tu za kupandia. Mimi naona jambo jingine, na ndilo linalonisukuma kuandika makala haya. Mataifa mawili yaliyopingana kuhusu dini, uchumi, uhuru na maana yenyewe ya haki yalikubaliana, bila kuketi mezani, kuhusu nani abebe mzigo wa mashindano yao. Na madhara hayakugunduliwa baadaye na wataalamu, kama tunavyoambiwa mara nyingi. Waliodhurika waliyasema mapema, kwa maandishi, kwenye ofisi iliyostahili kuwasikiliza.

Mlipuko wa kwanza ulifanyika alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, katika jangwa la New Mexico, juu ya mnara wa chuma wenye urefu wa mita 30 hivi. Ulipewa jina la Trinity. Nguvu yake ilikadiriwa kuwa kilotani 21, yaani sawa na tani 21,000 za baruti ya TNT zikilipuliwa kwa mpigo. Wafugaji na wakulima waliokuwa wakiishi karibu hawakuambiwa lolote, si kabla wala baada. Magazeti yalipewa habari kwamba ghala la risasi na baruti limelipuka. Wiki tatu baadaye ikaja Hiroshima, kisha Nagasaki, na dunia ikajua ghala hilo lilikuwa nini.

Bikini, kimojawapo cha Visiwa vya Marshall, ilifuata Februari 1946. Gavana wa kijeshi wa Marekani, Ben Wyatt, aliwakusanya wenyeji baada ya ibada ya Jumapili na kuwaomba waondoke kwa muda, kwa faida ya wanadamu wote na ili vita vikomeshwe duniani. Watu 167 walipakiwa melini mwezi uliofuata, wakapelekwa Rongerik, kisiwa kisichokuwa na chakula cha kuwatosha, na ndani ya miaka miwili walikuwa wakiteseka kwa njaa. Walidhani watarudi kwao upesi. Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 katika visiwa hivyo. Mwezi Novemba 1952, bomu la kwanza la haidrojeni lilikifuta kabisa kisiwa kimoja cha Enewetak kilichoitwa Elugelab, kikabaki shimo chini ya maji.

Upande wa pili wa dunia, Lavrenti Beria, mkuu wa usalama wa Stalin aliyesimamia mradi wa bomu la Kisovieti, alihitaji uwanja wake. Ukachaguliwa mbuga wa Kazakhstan, karibu na mji wa Semipalatinsk, eneo la kilomita za mraba 18,500 hivi. Wakuu walilihesabu kama eneo lisilo na watu. Walikuwepo wafugaji wa Kikazaki na farasi wao na kondoo wao, na ni mbuga uleule uliomlea Abai, mshairi ambaye Wakazaki humheshimu kama sisi tunavyomheshimu Shaaban Robert. Tarehe 29 Agosti 1949 bomu la kwanza la Kisovieti, la kilotani 22, lililipuliwa hapo. Upepo ulibeba vumbi la mionzi mpaka kijiji cha Dolon na vijiji jirani. Hakuna aliyehamishwa. Hadi uwanja ulipofungwa, milipuko 456 ilikuwa imefanyika.

Sasa naomba nikae kidogo Rongelap, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoonekana kwa karibu kuliko kwingine.

Tarehe 1 Machi 1954, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano asubuhi, Marekani ililipua huko Bikini bomu lililopewa jina la Bravo. Waliolibuni walitarajia nguvu ya megatani 6 hivi, yaani sawa na tani milioni sita za TNT. Lilitoa megatani 15, mara elfu moja ya bomu la Hiroshima, kwa sababu aina moja ya lithiamu iliyokuwemo ndani, ambayo walidhani haitashiriki katika mmenyuko, ilishiriki kikamilifu. Hilo lilikuwa kosa la hesabu, na makosa ya hesabu hutokea. Lakini usiku uliotangulia, taarifa za hali ya hewa zilionyesha kwamba pepo za juu zinageukia mashariki, upande wa visiwa vyenye watu. Waliokuwa na mamlaka walizipokea taarifa hizo, na bomu likalipuliwa kama ilivyopangwa.

Rongelap iko zaidi ya kilomita 150 mashariki ya Bikini. John Anjain, aliyekuwa mkuu wa kijiji, alisimulia baadaye kwamba alikuwa amekwisha amka na alikuwa akinywa kahawa alipoona kitu kama jua linachomoza, ila lilichomoza magharibi. Kisha ukaja upepo na ngurumo. Saa chache baadaye unga mweupe ukaanza kuanguka kutoka mawinguni. Ulikuwa matumbawe ya Bikini, yaliyosagwa na kuunguzwa yakawa chokaa, yamebeba mabaki ya mlipuko. Uliangukia paa, minazi, samaki walioanikwa na mapipa ya maji ya mvua, na maji yakabadilika rangi. Watoto, ambao hawakuwahi kuona kitu kama hicho, waliuchezea na kujipaka. Jioni ngozi zikaanza kuwasha na kuungua, macho yakawa mekundu, na watu wakaanza kutapika.

Katika kisiwa cha Rongerik, mbali zaidi upande wa mashariki, kulikuwa na wanajeshi 28 wa Marekani waliokuwa wakipima hali ya hewa. Wao walijua unga huo ni nini, kwa hiyo waliongeza nguo mwilini na kujifungia ndani ya majengo ya bati. Waliondolewa kwa ndege tarehe 2 Machi. Siku hiyohiyo maofisa wawili walifika Rongelap na vyombo vyao, wakapima mionzi, wakaondoka. Meli ya kuwachukua wanakijiji ilifika tarehe 3, baada ya watu hao kula, kunywa na kulala ndani ya unga ule kwa zaidi ya siku mbili. Kila nisomapo mpangilio huo wa tarehe moyo hunijaa uchungu, kwa sababu hapa hatuhitaji kubahatisha nia ya mtu yeyote. Ratiba ya uokoaji inatosha.

Walichukuliwa hadi kambi ya Kwajalein na kuingizwa katika utafiti wa kitabibu uliopewa namba 4.1, bila kuombwa idhini. Mwaka 1956, katika kikao cha kamati ya Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, ofisa mmoja alieleza kwamba lingekuwa jambo la maana kupata vipimo vya watu wanaoishi katika mazingira yenye mionzi kiasi hicho, na akaongeza kwamba ingawa watu hao hawaishi kama watu wa Magharibi waliostaarabika, wanafanana nasi kuliko panya wanavyofanana nasi. Maneno hayo yamo katika kumbukumbu za kikao. Mwaka uliofuata watu wa Rongelap walirudishwa kisiwani kwao wakiambiwa ni salama. Wakala samaki wake na nazi zake kwa miaka 28. Lekoj, mtoto wa John Anjain, alikuwa na umri wa mwaka mmoja siku ya Bravo. Alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1972. Watoto wengi wa kundi lake walipasuliwa shingo kuondolewa uvimbe wa tezi. Mwaka 1985 wananchi wenyewe, baada ya kuomba msaada serikalini bila mafanikio, walihama kwa meli ya Rainbow Warrior ya Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, wakabeba mpaka mbao za nyumba zao.

Pengine dunia isingejua lolote kama mashua moja ya Kijapani haikuwa ikivua jodari nje ya mpaka wa hatari uliotangazwa. Daigo Fukuryu Maru ilirudi bandari ya Yaizu katikati ya Machi na wavuvi wake 23 wakiwa wagonjwa, na samaki wao walikwisha kuuzwa kabla madaktari hawajaelewa kinachoendelea. Aikichi Kuboyama, aliyekuwa mtu wa redio, alifariki tarehe 23 Septemba 1954. Akina mama wa Japani wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakikusanya saini dhidi ya mabomu ya haidrojeni, na zikafika zaidi ya milioni 30.

Kwa upande wa Kisovieti hakukuwa na magazeti ya kuuliza. Tarehe 22 Novemba 1955 bomu la haidrojeni la megatani 1.6 lililipuliwa angani Semipalatinsk. Wimbi la mlipuko liliangusha handaki likamwua askari kijana, na katika kijiji kingine jengo likamwangukia mtoto mdogo wa kike. Andrei Sakharov, aliyelibuni bomu hilo, hakusahau vifo hivyo viwili, na vilikuwa sehemu ya safari iliyomfanya awe mpinzani wa majaribio na hatimaye wa serikali yake. Mwaka 1957 kilifunguliwa Semipalatinsk kituo cha afya chenye jina la Zahanati Namba 4 ya Kupambana na Brusela. Brusela ni ugonjwa wa mifugo ambao mfugaji yeyote wa mbuga angeuogopa, kwa hiyo jina halikumshtua mtu. Kazi yake halisi ilikuwa kufuatilia athari za mionzi katika miili ya wanavijiji. Waliitwa, wakapimwa, wakaandikwa, na hawakuambiwa wanaumwa nini. Nikiweka faili za kituo hicho kando ya zile za utafiti namba 4.1, siwezi kutofautisha ubepari na ukomunisti.

Ni vyema kueleza namna madhara yanavyosafiri, maana siasa yote iliyofuata imejengwa juu ya jambo hilo. Bomu likilipuka karibu na ardhi, hufyonza udongo na kuuchanganya na mamia ya aina za chembe zenye mionzi. Chembe nzito huanguka karibu. Nyepesi hupanda juu sana, huzunguka dunia na kushuka na mvua miezi au hata miaka baadaye. Moja ni iodini 131. Mwili huihitaji iodini, ndiyo hiyo tunayowekewa kwenye chumvi kwa jina la madini joto ili tusipate uvimbe wa shingo, na tezi haiwezi kutofautisha iodini salama na yenye mionzi. Ng'ombe hula majani yaliyonyeshewa, chembe huingia kwenye maziwa, na mtoto anayekunywa maziwa hayo huzikusanya zote katika tezi yake ndogo. Nguvu ya iodini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Strontiamu 90 huchukua miaka 29 hivi kupungua kwa nusu, na mwili huidhania kuwa kalsiamu, kwa hiyo huihifadhi kwenye mifupa na meno.

Marekani ilijaribu pia nyumbani kwake, na huko nako iliteua nani abebe mzigo. Uwanja wa Nevada, uliofunguliwa Januari 1951, uko katika ardhi ya Washoshone wa Magharibi, ambao walitia saini mkataba wa Ruby Valley mwaka 1863 bila kuikabidhi ardhi hiyo. Waliopanga majaribio walisubiri siku ambazo upepo hauelekei Las Vegas wala Los Angeles. Ulipoelekea mashariki, kwenye miji midogo ya Utah kama St. George, kazi iliendelea. Majira ya kuchipua ya mwaka 1953 maelfu ya kondoo walikufa karibu na Cedar City, na wana-kondoo walizaliwa wakiwa na kasoro. Wafugaji walishtaki, wakashindwa mwaka 1956. Mwaka 1982 jaji yuleyule aliyetoa hukumu dhidi yao alitamka kwamba serikali iliidanganya mahakama yake, ingawa mahakama ya rufaa ilikuja kuutengua uamuzi huo. Milipuko 928 ilifanyika Nevada, mia moja kati yake angani.

Mwaka 1958 pande mbili zilisimamisha majaribio kwa hiari wakati wakizungumza Geneva. Utulivu huo ulidumu karibu miaka mitatu, na katikati yake Ufaransa ikalipua bomu lake la kwanza katika ardhi ya Afrika, huko Reggane nchini Algeria, tarehe 13 Februari 1960. Kwame Nkrumah alijibu kwa kuzuia mali za Ufaransa nchini Ghana. Sahara ilipigwa mara 17 hadi mwaka 1966, mara kadhaa hata baada ya Algeria kupata uhuru. Hilo linastahili makala yake peke yake.

Septemba 1961 Wasovieti walivunja utulivu, na kilichofuata kilikuwa kama wazimu. Tarehe 30 Oktoba ndege aina ya Tu-95, iliyopakwa rangi nyeupe ili iakisi joto, ilidondosha kwa mwavuli bomu la tani 27 juu ya kisiwa cha Novaya Zemlya katika Bahari ya Aktiki, ambako Wanenet waliokuwa wakiishi huko walikwisha kuhamishwa miaka ya nyuma. Lililipuka mita 4,000 kutoka ardhini kwa nguvu ya megatani 50, na hiyo ilikuwa nusu ya nguvu lililobuniwa kuwa nayo. Wimbi lake liliizunguka dunia mara tatu. Halikuwa silaha ambayo jeshi lingeweza kuitumia kwa urahisi, lilikuwa tangazo. Wamarekani wakajibu mwaka 1962 kwa mfululizo wao huko Pasifiki, ikiwemo Julai 9, walipolipua megatani 1.4 katika anga za juu, kilomita 400 kutoka ardhini, na taa za barabarani zikazimika Hawaii, karibu kilomita 1,450 kutoka hapo. Mwaka huo mmoja dunia ilishuhudia milipuko 178, karibu mmoja kila baada ya siku mbili.

Wakati huohuo, mjini St. Louis, katikati kabisa ya Marekani, daktari Louise Reiss na wenzake walikuwa wakikusanya meno ya utoto. Kwetu mtoto akitoka jino hulirusha juu ya paa na kuomba jipya. Pale, kuanzia mwisho wa mwaka 1958, mama alilitia kwenye bahasha na fomu yenye tarehe ya kuzaliwa na aina ya maziwa aliyonyonya mtoto, na mtoto akatumiwa beji ya kuonyesha kwamba ametoa jino lake kwa sayansi. Zilipofika mwisho, bahasha zilikuwa zimeleta meno 320,000 hivi. Vipimo vilionyesha kwamba kadiri mabomu yalivyozidi, ndivyo strontiamu 90 ilivyozidi katika meno ya watoto waliozaliwa miaka hiyo. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1961. Mkemia Linus Pauling alikuwa amekwisha kupeleka Umoja wa Mataifa maombi ya maelfu ya wanasayansi. Akina mama waliandamana mbele ya Ikulu ya Washington wakizungumzia maziwa.

Mkataba wa kupiga marufuku majaribio angani, majini na katika anga za juu ulitiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963. Hofu ya mgogoro wa makombora ya Kisovieti huko Cuba wa mwaka uliotangulia ilichangia, na pia kila upande ulikuwa umeshajifunza mengi ya kiufundi. Hata hivyo naamini jambo lililowabana wanasiasa zaidi ni kwamba mionzi ilikuwa imefika katika kinywa cha mtoto ambaye wazazi wake wana kura. Simlaumu mama yeyote wa St. Louis, aliutumikia ulimwengu. Ninachosema ni kwamba ushahidi ulikuwepo miaka 9 kabla, katika miili ya watoto wa Rongelap, na haukutosha.

Wala mkataba ule haukukomesha majaribio. Uliyazika. Milipuko ya chini ya ardhi iliruhusiwa, na idadi ya majaribio yaliyofanywa baada ya mwaka 1963 ni kubwa kuliko ya kabla yake. Vumbi lilipotoweka, maandamano nayo yalipungua. Semipalatinsk ilihamia ndani ya milima ya Degelen na visima virefu, na mara kwa mara gesi ilipenya na kutoka.

Miaka ya 1980, wakati Rais Reagan wa Marekani na Kremlin, yaani serikali ya Moscow, hawaongei, viongozi sita wa mabara matano waliingilia kati: Nyerere, Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Uswidi, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Meksiko na Andreas Papandreou wa Ugiriki. Mei 1984 walitoa wito wa pamoja, na baada ya Gandhi kuuawa mwanawe Rajiv alichukua nafasi yake, kama Ingvar Carlsson alivyochukua ya Palme alipouawa mwaka 1986. Nchi zao hazikuwa na silaha hizo, na ndiyo maana walisema wana haki ya kuzizungumzia. Wakubwa walikuwa wakidai kwamba haiwezekani kukomesha majaribio kwa kuwa huwezi kuhakikisha mwenzako hadanganyi. Huko Ixtapa, Meksiko, Agosti 1986, sita hao walijibu kwa kujitolea kuweka wataalamu na vyombo vya kupima mitetemo ili kuthibitisha usitishaji. Mwezi mmoja kabla, wanasayansi wa Kimarekani na wa Kisovieti walikwisha kufunga vyombo vya aina hiyo Karkaralinsk, karibu na uwanja wa Semipalatinsk, na hoja ya kwamba haiwezekani ikapoteza uzito wake. Kiongozi wa Kisovieti, Gorbachev, alikuwa amesimamisha majaribio tangu Agosti 1985; Marekani haikumfuata, na Februari 1987 naye akayaanza tena.

Waliofunga Semipalatinsk ni Wakazaki wenyewe. Februari 1989 milipuko miwili ilivujisha gesi zenye mionzi. Mshairi Olzhas Suleimenov alipopewa nafasi ya kusema kwenye televisheni moja kwa moja, hakusoma shairi. Alisoma tamko la uvujaji huo na kuwaita watu wakutane Almaty. Vuguvugu lililozaliwa siku chache baadaye, tarehe 28 Februari, waliliita Nevada-Semipalatinsk, kwa kuwa walitaka kusimama pamoja na Washoshone na watu wa Utah, yaani na wale waliokuwa upande wa adui lakini chini ya vumbi lilelile. Saini zilipita milioni moja. Wachimba migodi walitishia kugoma. Mlipuko wa mwisho hapo ulifanyika tarehe 19 Oktoba 1989, na tarehe 29 Agosti 1991, miaka 42 kamili baada ya bomu la kwanza, uwanja ukafungwa rasmi. Katika historia hii nzima sijui ushindi mwingine unaoufikia huu.

Wasovieti walilipua mara ya mwisho Oktoba 1990 na Wamarekani Septemba 1992. Kwa jumla Marekani imefanya majaribio 1,030 na Umoja wa Kisovieti 715. Mkataba wa kuyapiga marufuku yote ulifunguliwa kutiwa saini mwaka 1996, lakini haujaanza kutumika: Seneti ya Marekani iliukataa mwaka 1999, na Urusi iliondoa ridhaa yake mwaka 2023. Mwishoni mwa Oktoba 2025 Rais Trump alitangaza kwamba ameagiza silaha za nyuklia zijaribiwe kwa usawa na nchi nyingine. Waziri wake wa nishati akaeleza baadaye kwamba haikukusudiwa milipuko. Wakati hayo yakisemwa, vyombo vya mkataba huo vinaendelea na kazi. Kilimambogo nchini Kenya kuna kituo kinachosikiliza mitetemo ya ardhi, Nairobi kuna kinachosikiliza mawimbi ya hewa yasiyosikika kwa masikio, na Dar es Salaam kuna kinachochuja hewa kutafuta chembe za mionzi. Mtu akilipua popote, tutakuwa miongoni mwa watakaojua, na najivunia hilo.

Fidia ndilo deni lililobaki. Mahakama maalumu ya madai ya Visiwa vya Marshall iliamua zaidi ya dola bilioni 2 zilipwe. Mfuko uliotengwa mwaka 1986 ulikuwa wa dola milioni 150, nao ukakauka. Enewetak bado kuna kuba la saruji katika kisiwa cha Runit, lililojengwa juu ya shimo la bomu na kujazwa udongo wenye mionzi, na bahari inazidi kupanda kando yake. Kazakhstan ilitunga sheria ya kuwahudumia wahanga mwaka 1992, ikiwa imerithi madhara yaliyoachwa na Umoja wa Kisovieti, ambao haupo tena. Wakazi wa New Mexico walioishi karibu na Trinity waliingizwa katika sheria ya fidia ya Marekani mwaka 2025, miaka 80 baada ya alfajiri ile.

Sheria hiyo ya Marekani inawatambua pia wachimbaji wa urani wa Colorado, Utah, Arizona na majimbo mengine kadhaa. Urani bora kuliko zote iliyotumika katika mradi wa bomu la kwanza ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, nchini Kongo. Zaidi ya tani elfu moja zilikuwa zimehifadhiwa New York tayari mwaka 1940 na mkurugenzi wa Union Minière, kampuni ya madini ya Kibelgiji, Edgar Sengier, na mgodi ukafunguliwa upya wakati wa vita kwa msaada wa wahandisi wa jeshi la Marekani. Waliouchimba walikuwa Wakongo, watu ambao Kiswahili cha Katanga ndicho kilikuwa lugha yao ya kambi na ya kazi. Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Jina la mchimbaji hata mmoja wa Shinkolobwe halimo katika orodha yoyote ya wanaostahili kulipwa kwa sheria hiyo, na kudai yaingizwe ni kazi ambayo sisi tunaosoma lugha yao tunaweza kuianza.